Daktari aliyeomba idhini ya kuchoma maiti ili aokoe walio hai

ALIPOSHUKA kwenye garimoshi mjini Harbin, kaskazini mashariki mwa China, mkesha wa Krismasi mwaka 1910, Dkt Wu Lien-teh alikuwa na umri wa miaka 31. Alibeba hadubini ndogo na kuandamana na mwanafunzi wake mmoja. Serikali ya Beijing ilikuwa imemtuma achunguze maradhi yaliyowafanya watu kukohoa damu na kufariki katika siku chache.

Wu alizaliwa mwaka 1879 huko Penang, katika nchi ambayo leo ni Malaysia. Babake alikuwa sonara aliyehamia huko kutoka China. Bidii ya masomo ilimpa ufadhili wa kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Hata hivyo, kwa wakazi wa Harbin alikuwa mgeni, kwani alilelewa katika Kiingereza na Kichina chake kilikuwa cha kubabaisha.

Siku chache baadaye alimpasua kwa siri mwanamke mmoja Mjapani aliyefariki, kwa kuwa kupasua maiti kulikuwa mwiko. Hadubini ilionyesha viini vya tauni. Wu alishawishika kwamba tauni hii haikuhitaji panya wala viroboto ili ienee, bali ilipita hewani kutoka kwa mgonjwa hadi kwa aliye karibu naye. Ndipo akaagiza kila mtu avae barakoa ya shashi na pamba.

Wengi walimpuuza. Gérald Mesny, daktari Mfaransa aliyemzidi umri, alikataa ushauri wake na kuwakagua wagonjwa bila barakoa. Alifariki siku chache baadaye, Januari 1911. Kifo hicho kiliwatia watu hofu, na barakoa zikaanza kuonekana kila mahali.

Mtaa wa Fujiadian, walikoishi Wachina wengi, uligawanywa sehemu nne. Mkazi alifunga mkononi kitambaa chenye rangi ya sehemu yake, na hakuruhusiwa kuvuka bila kibali. Wanajeshi walilinda njia. Mabehewa ya garimoshi yaligeuzwa kuwa karantini. Familia nyingine ziliwaficha wagonjwa, na nyingine zikatupa maiti barabarani usiku ili nyumba zao zisijulikane. Amri ilikuwepo, lakini imani haikuwepo.

Mtihani mkubwa ulikuwa makaburini. Ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi, na maiti zaidi ya 2,000 zilikuwa zimelala juu ya theluji bila kuzikwa. Wu alijua kwamba zilipaswa kuteketezwa. Lakini kwa Wachina, waliowaenzi mababu zao kizazi baada ya kizazi, kuuchoma mwili wa mzazi kulikuwa dhambi isiyosameheka.

Wu angeweza kuwasha moto usiku, wanajeshi wakiwa kando. Hakufanya hivyo. Aliwaomba maafisa na wazee wa mji wafike makaburini wajionee wenyewe, kisha wakaungana naye kuomba idhini ya mfalme. Baada ya siku tatu, jibu lilitoka Beijing likiruhusu. Moto uliwashwa Januari 31, siku moja baada ya Mwaka Mpya wa Kichina.

Hata sikukuu yenyewe hakuifuta. Aliwahimiza wakazi wafyatue fataki ndani ya nyumba zao, kwa kuwa moshi wa kiberiti ungesaidia kusafisha hewa. Mila ikawa mshirika wa tiba.

Vifo vilianza kupungua, na kufikia Machi 1 hapakuwa na mgonjwa mpya Harbin. Tauni hiyo ilikuwa imeua takriban watu 60,000 katika eneo hilo la China. Mwezi wa Aprili, Wu aliongoza kongamano la wataalamu kutoka mataifa 11 mjini Mukden.

Alirejea Malaya mwaka 1937, akatibu wagonjwa mjini Ipoh, na kufariki Penang mwaka 1960. Barakoa ziliporudi nyusoni mwa walimwengu mwaka 2020, jina lake lilikumbukwa upya.

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alifaulu kwa sababu alitambua kwamba sheria kali huhitaji zaidi ya bunduki: huhitaji wazee watakaoona kwa macho yao, na familia zitakazoamini kwamba wafu wao hawakudharauliwa.