Chekhov Naye Alisoma Huku Nyumbani Wakimtegemea

Wenzangu, semesta iliyopita niliandika barua ya kuahirisha mwaka. Bumu lilichelewa, na nyumbani simu haziishi, wanataka hela. Kabla sijaipeleka nikamkumbuka Anton Chekhov.

Huyu alizaliwa 1860 Taganrog, kusini mwa Urusi. Baba yake alikuwa na duka. Mwaka 1876 likafilisika, mzee akakimbilia Moscow kuwakwepa waliomdai, familia ikamfuata. Anton, kijana wa miaka 16, akabaki peke yake amalize shule, akijikimu kwa tuisheni.

Mwaka 1879 akaingia Chuo Kikuu cha Moscow kusomea udaktari. Ukoo mzima ukamwangalia yeye. Basi usiku akawa anaandika hadithi fupi za kuchekesha, magazeti yanamlipa kwa idadi ya mistari. Akahitimu 1884, na mwaka huohuo akaanza kukohoa damu.

Aliandika mbiombio hadi 1886, mwandishi mkongwe Dmitry Grigorovich alipomwandikia kwamba ana kipaji, asikichezee. Akapunguza kasi. Mwaka 1888 akapata Tuzo ya Pushkin. Udaktari nao hakuutupa: kijijini Melikhovo alitibu wakulima bure. Kifua kikuu kilimuua 1904, akiwa na miaka 44.

Jamani, sisemi shida ni nzuri. Yeye ilimchosha kweli. Ila hadithi alizoziandika ili nyumbani wale ndizo zilizomfundisha kuandika kwa ufupi. Barua yangu bado ninayo. Sijaipeleka.