Krapf na Safari ya Yatta

Kila anayesoma historia ya Kiswahili hukutana na jina la Johann Ludwig Krapf, aghalabu kama mtunzi wa sarufi na kamusi. Upande mwingine wa maisha yake haujadiliwi sana. Krapf alikuwa pia kiongozi aliyetaka kuibadilisha njia ya kazi ya jumuiya yake ya Kikristo, na jaribio hilo lilimfikisha Yatta, uwanda mrefu wa Ukambani ambao Kithimani, Machakos, iko upande wake wa kaskazini-magharibi. Huko ndiko mpango wake ulikovunjika.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani. Baada ya kusomea Basel na Tübingen aliajiriwa na shirika la kimishonari la CMS la London, akatumwa Uhabeshi mwaka 1837. Alipozuiwa kuendelea na kazi huko, alielekea kusini, akafika Unguja Januari 1844. Sultani Seyyid Said alimpokea vyema na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Katika mwaka huohuo akahamia Mombasa, na mwezi wa Julai mkewe Rosine alifariki kwa homa. Mtoto wao mchanga alimfuata mamaye siku chache baadaye.

Msiba huo haukumrudisha kwao. Alikwisha kuanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa. Johannes Rebmann alijiunga naye mwaka 1846, na wawili hao wakafungua kituo Rabai. Mavuno yalikuwa haba. Mwongofu wao wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa.

Hapo ndipo fikra za Krapf zilipopanuka. Aliona kwamba kituo kimoja hakitoshi, akapendekeza msururu wa vituo utakaoanzia pwani ya Mombasa na kukata bara hadi upande wa magharibi. Mwishoni mwa 1849 alisafiri hadi Kitui, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba. Tarehe 3 Desemba akiwa huko aliuona Mlima Kenya. Ukambani ukawa, kwa maoni yake, mlango wa bara.

Mwaka 1850 alikwenda Ulaya kuutetea mpango huo. Huko Tübingen alichapisha sarufi yake ya Kiswahili, pamoja na Injili ya Marko kwa Kikamba. Wakuu wa CMS wakamwunga mkono. Aliporudi mwaka 1851 alifuatana na wasaidizi wapya, miongoni mwao mafundi. Ilionekana kwamba mabadiliko yamekubaliwa.

Kumbe yalikuwa yamekubaliwa London tu. Rebmann, ambaye mwaka 1849 alirudi mikono mitupu baada ya Mangi Mamkinga wa Machame kumtoza mali yake, aliamini kwamba busara ni kutulia Rabai na kujenga msingi. Jakob Erhardt, aliyefika mwaka huohuo, alielekea upande wa Rebmann. Mmoja wa wasaidizi wapya, Pfefferle, alifariki muda mfupi baada ya kuwasili, na wengine wakadhoofishwa na homa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini Krapf hakungoja. Julai 1851 aliondoka Rabai na wapagazi Wamijikenda, bila mmishonari mwenzake hata mmoja.

Njiani walishambuliwa na wanyang'anyi. Walipofika Yatta, wapagazi walimjengea kibanda hafifu, kisha wakaharakisha kurudi kwao. Krapf akabaki akimtegemea Kivoi peke yake, na kwa ajili ya urafiki huo akafuatana naye kuelekea mto Tana. Mwishoni mwa Agosti msafara ulivamiwa na Kivoi akauawa. Krapf alijificha vichakani, akachota maji ya Tana kwa mitutu ya bunduki na mfuko wa darubini ili asife kwa kiu. Jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo hicho, naye akawatoroka usiku na hatimaye akarudi Rabai. Kituo cha Yatta kikafa kabla ya kuzaliwa.

Tatizo halikuwa ukosefu wa ujasiri. Krapf alikuwa amewashawishi wakubwa walio mbali, ilhali wenzake wa karibu hawajashawishika. Vilevile, makao yake Ukambani yalisimama juu ya mtu mmoja, na mtu huyo alipoanguka hapakuwa na jamii iliyomwona mgeni huyo kuwa wake.

Katika lugha mambo yalikuwa kinyume. Huko alikaa mbele ya kadhi na wazungumzaji wengine kama mwanafunzi, akakusanya miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu na kuipeleka Ujerumani, ukiwemo Utendi wa Tambuka. Pia alishikilia kwamba Kiswahili kiandikwe kwa hati za Kirumi. Afya yake ilipomlazimisha kuondoka mwaka 1853, kazi hiyo iliendelea mikononi mwa wengine. Rebmann, yule aliyempinga, alibaki Rabai hadi 1875 akiendelea na utafiti wa lugha, ingawa mwishowe alipofuka.

Krapf alirudi Mombasa kwa muda mfupi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kufungua kituo cha Ribe. Alifariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa London mwaka uliofuata. Huko Ukambani, wamishonari wa Africa Inland Mission walifungua kituo Nzaui mwaka 1895. Kiongozi wao, Peter Cameron Scott, alifariki mwaka uliofuata, lakini safari hii alikuwa ameacha wenzake nyuma yake, na kazi haikufa naye.