Muuza vitambaa aliyeona vijidudu kabla ya maprofesa

Ukienda kupimwa malaria unajua vile huwa: unadungwa kidole, tone la damu linapakwa kwenye kipande cha kioo, kisha mtu wa maabara anainamia hadubini. Mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuchungulia damu kwa lenzi hakuwa daktari wala profesa. Alikuwa muuza vitambaa.

Antonie van Leeuwenhoek alizaliwa mwaka wa 1632 mjini Delft, Uholanzi. Babake, fundi wa vikapu, alifariki jamaa akiwa bado mdogo. Akiwa na miaka 16 alitumwa Amsterdam kujifunza biashara ya vitambaa. Chuo hakukanyaga, na Kilatini, lugha ya wasomi wa enzi hizo, hakukijua. Mnamo 1654 alirudi Delft, akaoa na kufungua duka.

Wauza vitambaa walitumia lenzi kuhesabu nyuzi, ndio wajue kitambaa ni safi au ni feki. Leeuwenhoek hakutosheka na hizo. Akaanza kujitengenezea zake.

Hadubini yake ilitoshea kiganjani: vibamba viwili vya chuma vilivyobana lenzi moja ndogo sana, sindano ya kushikilia kitu, na skrubu za kukisogeza. Siri ilikuwa kwenye lenzi. Mwanga ukipita kwenye kioo kilichobinuka, hupinda. Kadiri lenzi inavyokuwa ndogo na ya mviringo zaidi, ndivyo kitu kinavyoonekana kikubwa. Wengine walipanga lenzi mbili au zaidi, lakini enzi hizo kila lenzi iliongeza ukungu wake. Yeye alishikilia moja tu, ila safi. Mojawapo ya hadubini zake zilizobaki, iliyoko Utrecht, hukuza kitu karibu mara 270.

Kuitumia sasa, si mchezo. Ilibidi uibandike karibu na jicho, uelekee mwanga, kisha uzungushe skrubu polepole. Kitu kilitakiwa kuwa kama milimita moja tu kutoka kwa lenzi. Ukitetemeka kidogo, umepoteza kila kitu.

Mnamo 1673 alianza kuandikia Royal Society, chama cha wanasayansi kule London, kwa Kiholanzi chake cha kawaida. Mwaka uliofuata alichota maji ya ziwa na kuona viumbe wadogo wakiogelea. Mnamo 1676 aliloweka pilipili manga akitaka kujua mbona inawasha ulimi. Jibu hakupata, ila maji yalikuwa yamejaa vijidudu.

London walishuku. Jamaa akawatumia maandishi ya mashahidi, wakiwemo wahubiri, walioona kwa macho yao. Mwaka wa 1677 Robert Hooke, mtaalamu wa hadubini wa chama hicho, alijaribu, akakosa, akarudia hadi akaviona. Mnamo 1680 muuza vitambaa akafanywa mwanachama. Miaka mitatu baadaye alikwangua utando kwenye meno yake, na kumbe hata mdomoni wamejaa!

Wageni walimiminika Delft, hata mfalme wa Urusi, Peter the Great, mnamo 1698. Lakini Leeuwenhoek alikuwa na tatizo moja: lenzi zake bora hakuonyesha mtu, na mbinu yake hakumfundisha yeyote. Alifariki mwaka wa 1723 akiwa na miaka 90. Aliiachia Royal Society hadubini 26 za fedha, nazo baadaye zikapotea.

Baada yake, utafiti wa bakteria ulikwama kwa zaidi ya miaka 100. Ni mnamo 1882 ndipo Robert Koch alionyesha bakteria wanaoleta kifua kikuu. Huwezi kumlaumu Leeuwenhoek pekee kwa hayo yote, lakini ujuzi wake mwingi alienda nao kaburini.

Leo hadubini haina siri. Anza na lenzi ya nguvu ndogo. Weka kipande cha kioo, kisha uangalie kwa upande ukiikaribisha lenzi, isije ikakivunja. Sasa chungulia, na uzungushe kirekebishi ukiitenga lenzi na kioo, hadi picha itulie. Ndipo uhamie lenzi kubwa zaidi. Na ukishajua, mwonyeshe mwenzako.