Argwings-Kodhek: wakili Mwafrika wa kwanza, na haki ya mtu aliyeumizwa

Hapa Dabaso mtu akigongwa na gari kwenye barabara kuu ya Mombasa–Malindi, mara nyingi hata hajatoka hospitali na nyumbani kwake kumeshafika mgeni mwenye makaratasi. Huyo ni dalali wa kesi za ajali, anataka sahihi au dole gumba. Wako wanaomfukuza na wako wanaotia sahihi bila kusoma. Wengine hupokea elfu chache kutoka kwa mwenye gari, kisha wakamwachia Mungu. Naona sababu ni moja: wakili kwetu bado ni mtu wa kuogopwa, kama kwamba korti ni mali ya wengine. Ndiyo maana leo nataka kumweleza C.M.G. Argwings-Kodhek, ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina la barabara ya Nairobi tu.

Alizaliwa 1923 huko Gem, Siaya, mbali sana na bahari yetu. Alisoma Makerere akawa mwalimu. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilimpa ufadhili wa kwenda Uingereza, lakini haukuwa ufadhili wa sheria. Sheria aliitafuta mwenyewe alipofika huko, akaisoma mpaka akakubaliwa kuwa wakili. Akaoa huko huko, mwanamke Mzungu wa Ireland, jambo ambalo walowezi wa Kenya ya wakati ule hawakuweza kulimeza.

Aliporudi 1952 angeweza kuajiriwa serikalini katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Shida ilikuwa mshahara. Mwafrika alilipwa chini ya Mzungu hata kama elimu yao ni sawa na kazi yao ni moja. Argwings-Kodhek alikataa, akafungua ofisi yake mwenyewe. Hivyo ndivyo Kenya ilivyopata Mwafrika wa kwanza kufanya kazi ya uwakili.

Tupime maana ya jambo hilo kwa historia yetu wenyewe. Mekatilili wa Menza alikamatwa 1913 akapelekwa Kisii, safari ya kuvuka nchi nzima. Katika nchi hii hakukuwa na wakili hata mmoja Mwafrika wa kumsemea. Ilipita karibu miaka 40 ndipo akapatikana mmoja.

Na huyo mmoja alikuta kazi inamngoja. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa kwa ajili ya Mau Mau. Watu walikamatwa kwa maelfu, na mtu aliyekutwa na risasi tu mfukoni aliweza kuhukumiwa kifo. Kufikia mwisho wa vita hivyo, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa. Argwings-Kodhek, pamoja na mawakili wachache wengine, wengi wao Wahindi, walisimama kortini kuwatetea washtakiwa ambao wengi walikuwa maskini. Serikali haikumpenda kwa hilo, na baadaye alizuiwa kwa muda kufanya kazi yake ya uwakili.

Siasa nayo ilimwita. Mwaka 1955 alitaka kuunda chama cha Waafrika wa Kenya nzima. Serikali ilikataa, ikaruhusu vyama vya wilaya tu, naye akaongoza Nairobi District African Congress. Katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza kwa Waafrika, alishindwa na Tom Mboya. Ni uchaguzi huo huo uliompeleka Ronald Ngala wetu bungeni kuwakilisha Pwani. Baada ya uhuru Argwings-Kodhek alikuwa mbunge wa Gem, kisha waziri, na mwisho alishughulikia mambo ya nchi za nje.

Alikufa Januari 1969 mjini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 45 au 46. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Wako wasioamini mpaka leo. Barabara alimofia, iliyokuwa ikiitwa Hurlingham, ndiyo ikapewa jina lake. Sisi wa Pwani tunayajua maswali ya namna hiyo, maana Ngala naye alikufa Desemba 1972 kwa ajali ya barabarani, na mpaka leo wazee wetu wanaizungumza kwa sauti ya chini.

Lakini kazi ya Argwings-Kodhek haikuishia kaburini. Wako watu wa enzi zile walioteswa kambini bila kusikilizwa na mtu. Kambi moja ni jirani yetu, Hola, ambako wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa Machi 1959. Mwaka 2009 wazee wachache wa Kenya, mmoja wao akiwa amenusurika Hola, waliishitaki serikali ya Uingereza kule London. Kesi yao kisheria haikuwa ya siasa. Ilikuwa kesi ya madhara ya mwili, sawa na ya mtu aliyevunjwa mguu na matatu. Oktoba 2012 mahakama iliwaruhusu kuendelea ijapokuwa miaka 50 ilikuwa imepita, na Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, pamoja na gharama za kesi.

Wengine zaidi ya 40,000 walifuata na kesi yao. Mwaka 2018 wakaangushwa. Sababu kubwa ilikuwa muda: mahakama iliona wamechelewa mno, mashahidi wamekufa na kumbukumbu zimepotea.

Hapo ndipo maisha ya mtu huyu yanapotugusa sisi wa Dabaso. Alitumia ujana wake kuonyesha kwamba Mwafrika anaweza kusimama mbele ya jaji akadai. Mlango huo uko wazi, na Mahakama Kuu tunayo Malindi hapo, mwendo wa matatu moja. Lakini mlango una saa. Kwa sheria ya Kenya, aliyeumia kwa uzembe wa mwenzake ana miaka 3 ya kufungua kesi. Akiwa ameumizwa na serikali, miezi 12 tu. Aliyeumia kazini, awe mjengoni au kwenye mashamba ya chumvi, anatakiwa kudai fidia yake ndani ya miezi 12 chini ya sheria ya mwaka 2007.

Elfu tano za kando ya barabara hazitoshi dawa za mwezi mmoja kwa mtu aliyevunjika nyonga. Dalali mwenye karatasi naye si wakili. Muulize wakili mwenyewe ni nani, ofisi yake iko wapi, na atachukua kiasi gani. Ripoti ajali polisi, jazwa fomu ya P3, weka karatasi zote za hospitali, na uandike tarehe ya ajali mahali ambapo hutaisahau. Wazee wale 40,000 hawakukosa uchungu wala hawakukosa haki. Walichokosa ni muda.