William Tillett: Aliyepata dawa ya bonge la damu kutoka kwa bakteria

Dawa moja iliyookoa wagonjwa wengi wa moyo ilitoka kwa bakteria wanaoumiza koo. Aliyeigundua ni daktari Mmarekani, William Tillett, aliyezaliwa 1892.

Mwaka 1933, akiwa Johns Hopkins, alichanganya bakteria aina ya streptokoki na maji ya damu akitarajia hayataganda. Yakaganda! Lakini aliporudi baadaye kuangalia mirija yake, akakuta bonge lenye bakteria limeyeyuka. Lile lisilo nao lipo vilevile.

Kilichofanya kazi hiyo kikaja kuitwa streptokinasi. Chenyewe hakiyeyushi bonge, ila kinaamsha plasminojeni iliyomo kwenye damu yetu, nayo inakata nyuzi za bonge. Ikizidi, mgonjwa anaweza kuvuja damu.

Tillett na Sol Sherry waliitumia kwa wagonjwa walioganda damu na usaha kifuani. Mwaka 1949 akapata Tuzo ya Lasker.

Alifariki 1974. Miaka 12 baadaye, utafiti wa Italia kwa wagonjwa zaidi ya 11,000 wa mshtuko wa moyo ulionyesha dawa hiyo inapunguza vifo, hasa ikiwahi. Mwenyewe hakuyaona hayo.