Eddington na Nuru Iliyopinda

Jumamosi ya tarehe 16 Februari 1980 jua lilipatwa hapa pwani. Mimi nilikuwa mtoto wa chuoni Mjambere. Maalim alitupanga safu tukasali, kisha akatukataza kabisa kuinua macho. Miaka mingi baadaye ndipo nilipomsoma Arthur Eddington, mtu aliyevuka bahari makusudi akalitazame jua likipatwa.

Mwingereza huyu alizaliwa Kendal mwaka 1882. Babake alikufa kwa homa ya matumbo yeye angali mchanga, mama akamlea kwa kipato kidogo. Katika hesabu hakuwa na mshindani. Alipokuwa na miaka 30 alikwisha kuwa profesa wa falaki huko Cambridge. Vita vikuu vilipofika alikataa kushika bunduki, kwani dhehebu lake la Quaker halikubali kumwaga damu. Wakubwa wa falaki wakamwombea, akasamehewa ili aende kupima kupatwa kwa jua.

Kupima nini? Einstein alikuwa amesema kwamba uzito wa jua huipinda nuru ipitayo kando yake, basi nyota iliyo nyuma huonekana imesogea. Igawe digrii moja mafungu 3,600, uchukue fungu moja na robo tatu: ndio huko kusogea. Hesabu ya Newton ilitoa nusu tu ya hapo. Na nyota za mchana hazionekani mpaka jua lifunikwe.

Tarehe 29 Mei 1919, mwishoni mwa Shaabani, mwezi ule ule ambao wazee wetu walikuwa wakiungoja uandame kwa Ramadhani ndio uliolifunika jua. Eddington alikuwa kisiwani Principe, magharibi mwa Afrika. Asubuhi ilinyesha mvua kubwa. Alipiga picha 16, nyingi zikaliwa na mawingu. Zile chache zilizosalia, pamoja na za wenzake waliokuwa Brazil, zilimpa haki Einstein.

Sifa zikamjaa, na hapa ndipo ninapogombana naye. Mwaka 1926 aliandika mwenyewe kwamba nyota ikiwa nzito kupita kiasi, mvuto wake utaizuia nuru isitoke. Walakini hakuamini kwamba kitu hicho kipo. Tarehe 11 Januari 1935, huko London, kijana wa Kihindi wa miaka 24, Subrahmanyan Chandrasekhar, alionyesha kwa hesabu kwamba nyota iliyozimika, ikizidi uzito fulani, haina cha kuizuia isiporomokee ndani. Eddington, aliyekuwa akimtembelea na kuzungumza naye miezi mizima, akasimama baada yake akamfanyia mzaha mbele ya wakubwa. Waliojua kuwa kijana ana haki walinyamaza. Ati ndio adabu ya wasomi! Eddington alikufa 1944, hakubadili neno. Chandrasekhar alipata tuzo ya Nobel mwaka 1983.

Setilaiti Uhuru, iliyorushwa kutoka baharini Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilisaidia kulitambua shimo jeusi la kwanza kusadikiwa na wengi. Na mwaka 2022 wataalamu walitangaza jingine, lenye uzito wa majua kama saba, lisilotoa nuru hata chembe. Darubini ya Hubble ilisaidia kulitambua kwa kuitazama miaka kadhaa nyota iliyo nyuma yake, ikasogea kidogo mahali pake, kwa kanuni ile ile iliyopimwa Principe.