Fujinaga, baba wa ufugaji wa kamba

MOTOSAKU Fujinaga, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1903, ndiye anayetambuliwa duniani kuwa baba wa ufugaji wa kamba wa kisasa.

Mwaka 1934 alifanikiwa kuwafanya kamba aina ya kuruma, ambao hupatikana pia pwani ya Afrika Mashariki, watage wakiwa matangini. Mayai yaliangua, lakini kulea mabuu ilikuwa kazi nyingine.

Kamba hukua kwa kujivua gamba. La zamani likitoka, mwili hupanuka kabla jipya halijawa gumu. Buu wa kuruma hujivua mara 12, kwa muda usiofika wiki mbili, ndipo afanane na kamba mkubwa. Mwanzoni huishi kwa kiini cha yai. Akishajivua mara 6 huhitaji chakula, na akikikosa hufa. Fujinaga aligundua kuwa chakula hicho ni mimea ya baharini midogo mno, akaiotesha na kuwalisha. Matokeo aliyachapisha mwaka 1942.

Kinachoamua kamba ajivue lini ni homoni. Tezi iliyo kichwani hutoa homoni ya kujivua, na kikonyo cha jicho hutoa ya kuzuia. Hii ya pili ikipungua, gamba hutoka. Kikonyo hicho pia huzuia mayai kukomaa, ndiyo maana katika miaka ya 1970 wazalishaji wa vifaranga vya kamba walianza kukata kikonyo cha jicho moja la jike. Fujinaga hakutumia njia hiyo. Alinunua kwa wavuvi majike yenye mayai yaliyokwisha komaa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika idara ya uvuvi ya serikali. Alipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alianzisha ufugaji wa kibiashara katika mashamba ya chumvi yaliyoachwa kando ya bahari ya Seto. Toka tangi la kwanza hadi sokoni ilipita karibu miaka 30.

Fujinaga alifariki mwaka 1973, lakini somo la gamba bado lina thamani ya fedha. Kamba aliyetoka kujivua huliwa na wenzake, na akivunwa akiwa laini bei hushuka. Mfugaji makini hupapasa magamba ya kamba wachache kwanza, na akiona wengi ni laini huahirisha kuvuna kwa siku kadhaa.